Msuli Hufanya Kazi Hata Unapolegea

Saa chache baada ya mtu kufariki dunia, mwili wake huanza kukakamaa. Taya hushupaa mapema, kisha shingo, mikono na miguu, na kwa kawaida ugumu huo hukamilika kiasi cha saa 12 baada ya kifo, kabla ya kuachia polepole kadiri protini zinavyovunjika. Wengi wetu tungetarajia kinyume chake, kwa maana tumezoea kuamini kwamba nguvu hutumika pale msuli unapokaza, na kwamba kulegea ni hali ya msuli ulioachwa bila kazi. Mwili ulioishiwa nishati unaonyesha kwamba imani hiyo haijakamilika, kwani msuli usio na nishati haulegei bali hukwama. Ninaanzia hapa katika somo la tishu za misuli kwa sababu naamini tofauti kati ya msuli wa mifupa, msuli wa moyo na msuli laini, yaani ule wa kuta za mishipa ya damu na viungo vya ndani, huonekana vizuri zaidi tukiuliza jinsi kila mmoja unavyoachia, kuliko tukiuliza tu jinsi unavyovuta.

Aina zote tatu hutegemea protini mbili zilezile. Miosini ilipewa jina lake na Mjerumani Wilhelm Kühne mwaka 1864, na aktini ilitambuliwa na Brunó Straub mwaka 1942 katika maabara ya Albert Szent-Györgyi mjini Szeged, Hungaria, wakati Vita Vikuu vya Pili vikiendelea. Hata baada ya hapo iliaminika kwamba protini hizi zenyewe hujikunja na kufupika. Mwaka 1954 makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja kivyake, Hugh Huxley na Jean Hanson kwa upande mmoja, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke kwa upande mwingine, yalichapisha katika toleo moja la jarida la Nature ushahidi kwamba jambo linalotokea ni tofauti kabisa. Filamenti, yaani nyuzi ndogo sana, nyembamba za aktini huteleza katikati ya filamenti nene za miosini, kama vidole vya mikono miwili vinavyopishana, na msuli mzima hufupika ilhali kila filamenti imebaki na urefu wake.

Kinachoendesha mtelezo huo ni vichwa vidogo vinavyochomoza kwenye miosini. Kila kichwa hushika aktini, hupinda na kuivuta kwa umbali wa nanomita chache tu, kisha hubaki kimeishikilia. Hakiwezi kuiachia mpaka molekuli ya ATP, ambayo ndiyo nishati inayotumika moja kwa moja ndani ya seli, iingie katika nafasi yake. Baada ya kuachia ndipo ATP hiyo huvunjwa, na nguvu inayotokana nayo hukirudisha kichwa katika mkao wa kuvuta tena. Kwa hiyo ATP hulipia kuachia kabla ya kulipia kuvuta, na hiyo ndiyo sababu ya mwili wa marehemu kukakamaa: vichwa vimeshika, na hakuna cha kuviachisha. Ningependa jambo hili liwe ukurasa wa kwanza wa kila kitabu kinachofundisha misuli, kwa kuwa mtu akilielewa, mengi yanayofuata huacha kuwa orodha ya majina ya kukariri.

Ruhusa ya kuvuta hutolewa na kalsiamu. Kalsiamu ikiwa chache ndani ya seli, vichwa vya miosini haviruhusiwi kuvuta. Ikiongezeka, kazi huanza. Katika msuli uliopumzika, kiwango cha kalsiamu ndani ya seli huwa chini takriban mara 10,000 kuliko kiwango kilicho nje yake, na tofauti kubwa kama hiyo haijiweki yenyewe. Kuna protini za utando ambazo kazi yake ni kupampu kalsiamu bila kukoma, na pampu hizo nazo hutumia ATP. Msuli uliolegea, basi, hulipia utulivu wake mara mbili, kwanza kwa kuviachisha vichwa vya miosini na pili kwa kuizuia kalsiamu isirudi.

Msuli wa mifupa ndio tunaoufahamu kwa macho na kwa mikono yetu, nao kwa mtu mzima hufikia karibu asilimia 40 ya uzito wa mwili. Seli zake si za kawaida. Wakati kijusi kinapokua, seli nyingi changa huungana na kuwa seli moja ndefu, ambayo inaweza kufikia urefu wa sentimita nyingi ingawa unene wake ni sehemu ndogo tu ya milimita. Ndiyo maana seli hiyo moja huwa na viini mamia kwa mamia, navyo vimesukumwa pembezoni, chini tu ya utando wa nje, kwa sababu sehemu ya ndani imejaa mafungu ya filamenti. Mafungu hayo yamegawanyika katika vipande vinavyoitwa sakomia, kila kimoja kikiwa na urefu wa mikromita mbili hivi, na vipande vya mafungu jirani hulingana kwa usahihi mkubwa kiasi kwamba chini ya hadubini seli nzima huonekana ina mistari myeusi na myeupe inayopishana. Kila ninapoitazama mistari hiyo huvutiwa na ukweli kwamba mpangilio wa molekuli, ambazo hadubini ya kawaida haiwezi kuzionyesha moja moja, umejidhihirisha kwa kiwango ambacho jicho linaweza kuushika.

Ndani ya kila sakomia kuna pia protini inayoitwa titini, ambayo ndiyo kubwa kuliko protini zote zinazojulikana katika mwili wa binadamu, ikiwa imeundwa kwa zaidi ya amino asidi 30,000. Titini huunganisha ukingo wa sakomia na katikati yake, na huvutika na kurudi, hivyo msuli ulionyooshwa haupasuki wala haupotezi mpangilio wake. Hata hivyo msuli wa mifupa hauwezi kujirefusha kwa nguvu zake. Hulegea tu, kisha msuli wa upande wa pili wa kiungo huuvuta hadi urefu wake wa awali. Msuli wa mbele wa mkono wa juu hukunja kiwiko, na wa nyuma hukinyoosha, na kila mmoja hutegemea mwenzake aachie kwa wakati.

Amri ya kukaza hutoka kwenye neva. Neva moja huhudumia kundi la seli za msuli, na ukubwa wa kundi hilo hulingana na usahihi unaohitajika: katika misuli inayozungusha jicho neva moja inaweza kuhudumia seli kumi hivi, ilhali katika msuli mkubwa wa mguu inaweza kuhudumia zaidi ya elfu moja. Ishara inapofika, neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, utando wa seli ya msuli hupata mshtuko wa umeme, mshtuko huo huzama ndani ya seli kupitia mifereji midogo, na vifuko vilivyohifadhi kalsiamu hufunguka. Yote haya huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde. Kisha huja upande ambao husimuliwa kwa haraka mno: asetilikolini huvunjwa na kimeng'enya papo hapo, utando hurudia utulivu wake, na pampu huanza kuirudisha kalsiamu ghalani.

Mtu anaweza kupima thamani ya hatua hizo kwa kutazama kinachotokea zinaposhindwa. Mwaka 1876 daktari Julius Thomsen alieleza ugonjwa uliokuwa ndani yake mwenyewe na katika ukoo wake, ambao unamfanya mtu akishika kitu kwa nguvu ashindwe kukiachia mara moja, ingawa ameshaamua kukiachia. Leo inajulikana kwamba chanzo chake ni hitilafu katika vijia vinavyopitisha kloridi kwenye utando wa seli za misuli, vijia ambavyo kazi yake ni kuutuliza utando baada ya ishara kupita. Mkono wa mgonjwa una nguvu za kutosha, na anachokosa ni wepesi wa kuachia. Hatari zaidi ni hali inayowapata watu wachache wenye hitilafu ya kurithi katika milango ya maghala ya kalsiamu, ambao wakipewa baadhi ya gesi za usingizi wakati wa upasuaji, kalsiamu huvuja bila kizuizi, misuli hukakamaa, na joto la mwili hupanda kwa kasi inayoweza kuua. Dawa inayowaokoa, dantrolini, hufanya jambo moja tu, nalo ni kuizuia kalsiamu isiendelee kutoka ghalani.

Nitataja kwa ufupi kwamba seli za msuli wa mifupa hazifanani zote. Ziko za polepole, nyekundu kwa wingi wa mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni, ambazo hutumia oksijeni na kudumu kazini kwa muda mrefu, na ziko za kasi, zilizopauka zaidi, ambazo hutoa nguvu nyingi na kuchoka mapema. Karibu kila msuli una mchanganyiko wa aina hizi, na uwiano wao hutofautiana kati ya msuli na msuli na kati ya mtu na mtu.

Ni desturi ya vitabu vya shule kuugawa uwanja huu kwa jedwali, msuli wa mifupa ukiwekwa chini ya neno hiari, na mingine miwili chini ya maneno bila hiari. Sipendi jedwali hilo. Kiwambo kinachotuvutia hewa ni msuli wa mifupa kwa muundo wake wote, wenye mistari na viini vya pembezoni, na bado hufanya kazi usiku kucha tukiwa hatujui lolote. Kope hufumba kabla hatujaamua kuzifumba, na mwili wenye baridi hutetemeka hata mwenye mwili akikataa. Hiari ni sifa ya amri iliyotoka kwenye ubongo, si sifa ya tishu, na anayetaka kujua tishu aanze na namna filamenti zilivyopangwa, kalsiamu inakotoka, na jinsi seli zinavyopashana habari.

Tukiangalia moyo kwa macho hayo, tunaona kwanza kwamba nao una mistari, kwani sakomia zake ni za aina ileile. Lakini seli zake ni fupi, zina matawi, na kwa kawaida kila moja ina kiini kimoja au viwili vilivyo katikati. Mahali ambapo mwisho wa seli moja unakutana na mwanzo wa nyingine kuna diski zilizojipinda, zenye viungo imara vinavyozuia seli zisiachane zinapovutana, na vijia vya protini vinavyoruhusu umeme kupita moja kwa moja kutoka seli hadi seli. Kutokana na vijia hivyo moyo hauhitaji neva kuiamuru kila seli. Amri huanzia kwenye kijisehemu kidogo katika ukuta wa chumba cha juu cha kulia, ambacho Arthur Keith na Martin Flack walikieleza mwaka 1907, na kutoka hapo hutiririka moyo mzima kwa mpangilio. Neva huongeza kasi au huipunguza, lakini hazianzishi pigo.

Tofauti kubwa zaidi imo katika muda. Mshtuko wa umeme katika seli ya msuli wa mifupa hudumu milisekunde chache, kwa hiyo amri zinaweza kufuatana upesi kiasi kwamba msuli hubaki umekaza bila kulegea katikati, kama inavyohitajika mtu anapobeba mzigo. Katika seli ya moyo mshtuko huo hudumu kati ya milisekunde 200 na 300, karibu muda wote wa pigo, na katika kipindi hicho seli haipokei amri nyingine. Moyo umenyimwa kabisa uwezo wa kukaza mfululizo, kwani ungeweza kufanya hivyo, damu ingesimama. Sioni mfano mwingine katika mwili unaoonyesha waziwazi zaidi kwamba kulegea kunaweza kuwa wajibu uliojengwa ndani ya tishu yenyewe. Vyumba hujaa damu vikiwa vimelegea. Hata msuli wa chumba cha chini cha kushoto wenyewe hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati huo, kwa sababu unapokaza huibana mishipa midogo inayopita ndani yake. Si ajabu basi kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa kushindwa kwa moyo wana moyo unaosukuma kwa nguvu ya kawaida, lakini haulegei vizuri na hivyo haujai inavyopaswa.

Moyo pia hutegemea kalsiamu ya nje ya seli kwa kiwango ambacho msuli wa mifupa hauhitaji, na jambo hili liligunduliwa kwa njia ya pekee. Sydney Ringer, daktari wa London, alikuwa akiiweka mioyo ya vyura katika maji ya chumvi, nayo ikaendelea kupiga. Baadaye alitambua kwamba maji yaliyotumika hayakuwa yaliyotoneshwa bali ya bomba, na alipotumia maji safi, mioyo ilisimama. Katika makala ya mwaka 1883 alieleza kwamba kalsiamu iliyokuwamo katika maji ya bomba ndiyo iliyokuwa imeiendesha. Mpaka leo kalsiamu inayoingia kutoka nje ndiyo inayofungua maghala ya ndani ya seli ya moyo, na kila iliyoingia lazima itolewe kabla ya pigo linalofuata, takriban mara 100,000 kwa siku. Kazi hiyo haina likizo, na mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyotengeneza ATP, ambazo huigharamia hujaza karibu theluthi moja ya seli.

Kwa gharama hiyo yote, moyo haujui kujitengeneza upya kama jamaa yake. Pembeni mwa seli za msuli wa mifupa kuna seli ndogo za akiba, zilizoelezwa na Alexander Mauro mwaka 1961, ambazo huamka msuli unapojeruhiwa na kuunda seli mpya. Moyo hauna akiba ya namna hiyo. Kundi la Jonas Frisén huko Sweden lilipima umri wa seli za moyo kwa kutumia kaboni-14, aina ya kaboni yenye mnururisho, iliyotapakaa angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, na mwaka 2009 likaripoti kwamba seli hizo hubadilishwa kwa kiasi cha asilimia 1 kwa mwaka mtu akiwa na miaka 25, kikishuka hadi asilimia 0.45 akifika miaka 75. Kwa hiyo sehemu iliyokufa kwa kukosa damu huzibwa kwa kovu, na kovu halikazi wala halilegei.

Msuli laini umejengwa kwa njia nyingine kabisa. Seli yake ni nyembamba, imechongoka ncha zote mbili, na ina kiini kimoja katikati. Haina sakomia, na ndiyo sababu haina mistari. Filamenti zake za aktini zimejishikiza kwenye vidutu vilivyotawanyika ndani ya seli na kwenye utando, zikipita kwa mshazari, hivyo seli inapokaza hujikunyata pande zote. Hapa kalsiamu haifungui njia kwenye aktini kama ilivyo katika aina zile mbili. Hushikana na protini iitwayo kalmodulini, ambayo nayo huamsha kimeng'enya kinachoibandikia miosini fosfati, na miosini yenye fosfati ndiyo inayovuta. Ili msuli ulegee, kimeng'enya kingine lazima kiiondoe fosfati hiyo. Njia hii ni ya polepole, na upole wenyewe ndio faida yake, kwa kuwa vichwa vya miosini vinaweza kubaki vimeshika kwa muda mrefu vikitumia nishati kidogo. Ili kushikilia mkazo uleule, msuli laini unaweza kutumia kati ya moja ya kumi na moja ya mia tatu ya nishati ambayo msuli wa mifupa ungeitumia. Kuta za mishipa ya damu haziruhusiwi kuchoka, na zimepewa njia ya kutochoka.

Umuhimu wa kuachia katika tishu hii ni mkubwa kwa sababu misuli laini hupanga upana wa mirija. Mshipa wa damu ukipungua kipenyo kwa nusu, mtiririko hushuka, shinikizo likibaki lilelile, hadi moja ya kumi na sita. Kwa hiyo badiliko dogo la mkazo huwa badiliko kubwa la damu inayofika kwenye kiungo. Mwaka 1980 Robert Furchgott alionyesha kwamba mshipa uliotolewa mwilini hulegea kwa asetilikolini iwapo tu tabaka lake jembamba la ndani halijakwanguliwa. Tabaka hilo hutoa kitu kinachouagiza msuli ulegee, kilichotambuliwa baadaye kuwa gesi ya nitriki oksidi, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel. Nitrogliserini, ambayo wagonjwa wa maumivu ya kifua ya moyo walikuwa wakipewa tangu karne ya 19, ilikuwa ikifanya kazi kwa njia hiyohiyo muda wote huo. Kwa mwenye pumu, msuli laini unaozunguka njia za hewa hubana usipotakiwa, na salbutamoli anayoivuta kwa pumzi humpa nafuu kwa kuulegeza.

Mji wa mimba nao ni msuli laini, na ndio unaonistaajabisha kuliko mingine yote. Kabla ya ujauzito una uzito wa gramu 50 hadi 70 hivi, na mwishoni mwa ujauzito hufikia karibu kilo moja, seli zake zikiwa zimerefuka mno. Kwa muda wa miezi ile yote hutakiwa kutulia huku ukinyooshwa kila siku, jambo linalowezeshwa kwa kiasi kikubwa na homoni ya projesteroni. Uchungu unapokaribia, seli zake huongeza vijia vya kupitishia umeme kati yao, ili misuli iliyokuwa ikitikisika kwa vikundi ianze kukaza kwa pamoja. Hata wakati huo mwanya kati ya uchungu mmoja na mwingine ni wa lazima, maana damu ya mama hufika vizuri kwenye kondo msuli unapokuwa umeachia.

Kuna mahali ambapo aina mbili hukutana katika mrija mmoja. Umio, wenye urefu wa sentimita 25 hivi, una msuli wa mifupa katika sehemu yake ya juu, mchanganyiko katikati, na msuli laini chini, na tonge huvuka mpaka huo bila mlaji kuhisi badiliko lolote. Wimbi la kukaza hulisukuma, lakini mbele ya wimbi lazima kuwe na kulegea, na juu ya yote lazima msuli wa mviringo ulio kwenye lango la tumbo, ambao kwa kawaida umebana, uachie kwa sekunde chache. Katika ugonjwa uitwao akalasia, neva zinazotoa nitriki oksidi kwenye sehemu hiyo hufa, na lango hukataa kufunguka. Msuli wenyewe ni mzima. Chakula hukwama juu yake, umio hutanuka mwaka baada ya mwaka, na mgonjwa hukonda huku akiwa na hamu ya kula. Mwaka 1913 daktari mpasuaji Mjerumani Ernst Heller aliukata msuli huo kwa urefu ili usiweze tena kubana, na matibabu ya leo, hata yale yanayofanywa kwa kupitisha vifaa mdomoni, bado yanafuata wazo lake. Hakuna yanayorudisha uwezo wa lango kulegea. Yanaondoa nguvu ya kubana, na chakula hushuka kwa uzito wake.